Namba Moja, Kamba Moja

Delfina hakuwa amenunua viatu vya mlima kwa miaka mingi, kwa hiyo siku ya kwenda kuvinunua hakuweza kutulia tangu alfajiri. Aliunguza mkate. Aliacha maziwa yakafurika jikoni. Nyumba nzima ya wageni aliiacha mikononi mwa dada wa kazi bila hata kumwonyesha funguo zilipo. Mwanamke wa miaka hamsini na moja! Remigio, mumewe, alimsubiri ndani ya gari huku akipiga honi.

"Mama Silvia, viatu havina miguu, havitakimbia!"

"Mimi ndiye ninayekimbia. Washa gari."

Mambo yalianza Agosti, mezani, mbele ya wageni. Mvinyo ulikuwa umemkolea Remigio, akapiga meza kwa kiganja na kutangaza kwamba Aprili ijayo atampandisha mkewe Mfereji wa Kengele. Wageni walipiga makofi. Ahadi ya mvinyo watu wenye akili huiacha mezani pamoja na chupa, lakini Delfina aliibeba hadi chumbani na kulala nayo. Kesho yake alimkumbusha. Remigio akakuna kichwa, akasema sawa, ila lazima apate viatu vya maana.

Mfereji wa Kengele ni ukanda wa theluji na barafu uliobanwa na miamba miwili juu ya kijiji chao cha Ruvère. Mtu huupanda kwa ncha za vidole, meno ya chuma yakiwa yamefungwa chini ya viatu, na akifika kileleni huvaa ski zake na kuteleza upande wa pili hadi malishoni. Huwezi kwenda na jozi mbili, moja ya kupandia na nyingine ya kushukia. Kiatu ni kimoja, na kikikosea safari moja kimekosea zote.

Delfina alikuwa ameupanda mara moja tu, alipokuwa mke wa mwaka mmoja. Baridi ilimlia vidole viwili vya mguu wa kushoto. Tangu hapo Remigio, ambaye kazi yake ni kuongoza wapandaji, aliupanda karibu kila mwaka na wateja wake, na jina lake likakua hadi likavuka bonde la Aosta, huko Italia. Delfina aliwapikia supu wateja hao waliporudi. Aliwasikiliza wakisimulia mahali anapopajua, akawakatia jibini, akanyamaza. Lakini majira mawili ya baridi yaliyopita alianza kutoka peke yake kabla wageni hawajaamka, akapanda kilima cha nyuma ya nyumba na kushuka, akapanda na kushuka, mpaka mguu ule wenye vidole vitatu ukakubali tena kumtii. Hilo hakumwambia mtu, hata mumewe. Alitaka mumewe alione mwenyewe.

Walipofika mjini Remigio aliegesha gari mbele ya baa inayotazamana na duka la viatu. Mlangoni mwa baa alisimama Olmo, mwongoza mlima mwenzake, kikombe cha kahawa mkononi. Olmo ni jitu lenye miguu mikubwa kiasi kwamba Ruvère husemwa viatu vyake vikichakaa, kuku hupata vibanda. Alitoka bonde la jirani, akaoa Ruvère na kubaki huko, na hajawahi kuuacha utani umpite.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Leo usichukue vidogo!"

Vijana waliokuwa nyuma yake walicheka. Remigio naye akacheka, akampiga Olmo begani na kuingia naye ndani. Delfina akacheka pia, kwa adabu. Utani huo wa viatu vidogo alikuwa akiusikia kwa miaka. Mwoka mikate humuuliza kama havibani, na vijana wa ofisi ya waongoza milima humkonyezea macho akipita na mabuti mapya ya mvua. Alidhani wanamtania kwa kunenepa. Mke wa mtu maarufu hutaniwa, hayo ndiyo maisha.

"Tangulia," Remigio alimwambia kutoka mlangoni. "Nakunywa kimoja tu nakuja. Chukua namba yetu!"

Muuzaji alikuwa msichana wa miaka kama thelathini aitwaye Loredana, mgeni wa bonde lile. Alitoka mashariki, kwenye miji ambako viatu hivyo hutengenezwa, na alianza kazi dukani hapo mwaka uliopita. Alimkalisha Delfina kwenye benchi.

"Karibu mama. Unataka vya kupandia au vya kutelezea?"

"Vyote viwili."

"Eh, kila anayeingia hapa anataka vyote viwili. Mshika mbili moja humponyoka, mama. Hebu niambie: unaogopa kupanda au unaogopa kushuka?"

Delfina alifikiri. Hakukumbuka lini mtu alimuuliza anaogopa nini. Remigio alikuwa na kawaida ya kumwambia.

"Kupanda siogopi," alisema. "Kushuka ndiko kulikoniponza."

Loredana alipanga viatu vitatu mbele yake. Cha kwanza kilikuwa chepesi hata ungesema ni glavu. Ukipanda nacho utaimba, alisema, lakini theluji ikiwa ngumu wakati wa kushuka, mguu utacheza ndani kama mchi kwenye kinu. Cha pili kilikuwa kizito, gamba lake gumu kama plasta ya hospitali. Hicho kwenye mteremko hakina mpinzani, ila kufika kileleni nacho utakuwa umemtukana kila aliyekishona. Cha tatu kilikaa katikati, na Loredana akakisifu bila kukipamba.

"Hiki hakifanyi lolote kwa ustadi mkubwa, lakini hakikusaliti. Bizimu tatu. Soli ya mpira, na mbele hapa pana ukingo wa kushika meno ya chuma. Nyuma kuna kishikio. Ukipanda unakiachia, kifundo kinacheza. Ukifika juu unakibana. Wengi hukisahau wakashuka kifundo kikilegea, wakaanguka kama magunia."

"Binti, mimi nilikuwa nabana vishikio wewe hujazaliwa. Nipe hicho. Ishirini na sita na nusu."

Loredana aliitazama miguu yake, akainamisha kichwa upande.

"Ngoja nipime kwanza. Vua soksi, mama."

"Pima na soksi yake."

Alipima na soksi yake, kwa sentimita, ndizo namba za viatu hivyo. Akapima tena.

"Ishirini na tano na nusu. Tena na soksi nene hiyo. Namba unayoitaka utaelea ndani yake."

"Ndiyo namba yetu."

"Yenu na nani?"

Basi Delfina akamweleza. Ruvère ya zamani ilikuwa na desturi yake. Watu wawili waliofungana kamba moja mlimani walivaa namba moja ya viatu, ili bizimu ya mmoja ikikatika au gamba likipasuka, mwenzake aweze kumpa chake. Namba moja, kamba moja, ndivyo walivyosema. Mwenye mguu mdogo alijazia kwa soksi mbili au tatu za sufu. Vijana wa siku hizi hawaifuati, lakini yeye na mumewe waliifuata tangu wiki ya harusi. Na katika kila nyumba ya Ruvère, ajabu iliyoje, mwenye kujazia soksi alikuwa mke.

"Desturi nzuri sana," alisema Loredana, "kwa mwenye mguu mkubwa."

Delfina alicheka. Alimpenda msichana yule.

"Basi nijaribishe namba yangu. Nione tu."

Kiatu kiliingia kwa shida, na aliposimama vidole viligusa mbele. Uso wake ukakunjamana.

"Kinabana."

"Kunja magoti, mama. Kama unashuka."

Alikunja magoti. Mguu ukarudi nyuma, vidole vikapata nafasi, na kisigino kikakaa mahali pake kikashikwa. Delfina hakuinuka. Miaka yote ile visigino vyake vilikuwa vikipanda na kushuka ndani ya viatu kila hatua, vikachubuka na kuota sugu, naye akaamini hivyo ndivyo mlima ulivyo. Alijisikia furaha, na mara ile ile akajisikia mjinga.

"Una hakika si kidogo?" aliuliza.

"Mimi nikuuzie kidogo? Thubutu! Hujasikia habari za yule mwanamke wa Ruvère?"

Ruvère ni kijiji cha njia mbili na kanisa. Delfina anamjua kila mwanamke wake, walio hai na walio makaburini.

"Yupi huyo?"

"Yule wa viatu vidogo! Kila vuli tunaitwa semina sisi wauza viatu, na lazima asimuliwe. Eti alikuwa bibi harusi, mtu wa maringo. Akaenda kununua viatu vidogo kuliko mguu wake, ili aonekane na mguu mzuri mbele ya wanawake wenzake. Akamganda mumewe ampandishe mlimani navyo! Damu ikashindwa kupita, vidole vikafa, na yeye kimya, anaona aibu kusema vinabana. Mumewe kumbeba mgongoni kutoka kileleni mpaka barabarani. Fikiria mama, mgongoni! Hapo watu wote hucheka, kisha mwenyewe anasema, 'Wauza viatu, mkimwona mwanamke wa namna hiyo, msimwuzie, mpigieni mumewe simu.'"

"Mwenyewe nani?"

"Mume! Ndiye anayeendesha semina. Mwongoza mlima mkubwa tu, Remigio. Alhamisi hii anakuja tena. Lazima umjue, si mnatoka upande huo huo?"

Delfina aliketi taratibu. Kichwani mwake walipita mmoja mmoja: mwoka mikate, vijana wa ofisini, Olmo na kikombe chake. Wote walikuwa wakicheka kitu kimoja, kwa miaka, na yeye alikuwa akicheka pamoja nao.

"Na mkewe anasemaje?" aliuliza.

"Haji. Jamaa anasema mkewe alibaki mtu wa jikoni, mlima ulimshinda."

Delfina alifungua bizimu tatu, akatoa mguu wa kushoto, akavua soksi. Hakuwa ameuonyesha mguu ule kwa mtu yeyote tangu daktari na mumewe. Kidole kidogo hakikuwepo, wala kilichokuwa kando yake. Palikuwa na ngozi nyekundu inayong'aa, laini kama ya mtoto.

Loredana aliangalia mguu. Rangi ikamtoka usoni.

"Mama... ulimi wangu huu..."

"Ulimi umekopeshwa tu, binti. Mwamba ngoma huvutia kwake. Shika mguu wa kulia uone. Hesabu. Vitano, siyo? Sasa niambie wewe unayejua viatu, hivyo vidogo vilikuwa vidogo mguu mmoja?"

Loredana alitikisa kichwa.

"Vyangu vilikuwa vikubwa. Ishirini na sita na nusu, na soksi mbili. Kule juu, chini kidogo ya kilele, gamba la kushoto la mume wangu lilipasuka mbele. Upepo ulikuwa wa kukata. Yeye ndiye aliyetangulia kukanyagia njia, na anayetangulia hawezi kukosa meno ya mbele. Akaniambia, 'Delfi, nipe cha kushoto.' Nikampa. Sikumwuliza hata swali. Nilivaa chake kilichopasuka, theluji ikaingia, nikamfuata. Upande wa pili niliteleza mwenyewe, mguu wa kulia ukifanya kazi ya miwili. Kunibeba alinibeba, sikatai. Kutoka kwenye gari mpaka mlango wa hospitali."

Aliyasema bila kulia. Machozi yalikuwepo, lakini hakutaka kuyamwaga kwenye duka la watu. Kilichomchoma hakikuwa vidole. Vidole alivitoa mwenyewe, na angevitoa tena, maana alimpenda. Kilichomchoma ni kwamba alikitoa kiatu kwa siri ya watu wawili, akaitunza siri hiyo kama wengine wanavyotunza pete, kumbe mwenzake alikwisha kuiuza kitambo, tena kwa kuigeuza ndani nje.

"Nifanye nini, mama?" Loredana alinong'ona.

"Fanya kazi yako. Nitengenezee viatu vya mguu huu."

Loredana alikata kipande cha sponji, akakigandisha mahali pa vidole visivyokuwepo ili mguu usihame. Akachomoa viatu vya ndani, akaviingiza kwenye oveni yake ndogo mpaka vikalainika, akavirudisha kwenye magamba, akamvalisha Delfina na kufunga bizimu.

"Sasa simama wima, mama, usisogee hata kidogo mpaka vipoe. Ukisogea vitashika umbo baya, na vitabaki nalo."

Delfina alisimama katikati ya duka, joto likipanda vifundoni, viatu vikijifinyanga kwa miguu yake. Ndipo mlango ulipofunguliwa na Remigio akaingia akinukia kahawa iliyotiwa grapa, pombe kali ya zabibu.

"Aha, bibi harusi amesimama! Loredana, umemtunza mke wangu?"

Loredana aliinama kuokota kitu kisichokuwepo. Remigio akaona uso wa mkewe, kisha akaona soksi moja ya kushoto iliyolala juu ya benchi. Mtu aliyeishi kwa kusoma theluji husoma upesi. Tabasamu lilimtoka kidogo kidogo.

"Mama Silvia."

"Baba Silvia. Wameniambia habari za mwanamke wa Ruvère. Mtu wa maringo, masikini."

Kwenye rafu za glavu palikuwa na mume na mke wakijaribu saizi. Remigio aliwatupia jicho, akamsogelea mkewe na kushusha sauti.

"Twende nyumbani tukazungumze."

"Siwezi. Nimeambiwa nisisogee."

"Delfi, usinitie aibu mbele za watu."

"Wewe ulinitia aibu mbele za nani, nyuma ya jiko?"

"Ni somo tu! Watu wanahitaji somo ili wasipoteze vidole. Sikuwahi kutaja jina lako."

"Hukutaja. Ulisema mke wangu."

Remigio alivuta pumzi. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, na huenda kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kweli.

"Ulitaka niseme nini? Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimepata cheti. Watu waliniuliza vidole vya mkeo vimekwenda wapi. Niwaambie nimemvua kiatu mke wangu kwenye barafu? Nani angenifuata mlimani tena? Tungekula nini?"

"Kwa hiyo walikufuata kwa vidole vyangu."

"Nilikusudia kusema mara moja tu. Halafu watu wakapenda. Wakawa wanaomba."

"Fadhila ya punda ni mateke, nilikuwa nasikia tu," alisema Delfina. "Hata kunisingizia ungenisingizia jambo jingine. Useme niliteleza. Useme nilizembea. Wewe ukachagua viatu vidogo, Remigio, wewe unayejua vilikuwa vikubwa na kwa nini vilikuwa vikubwa."

Remigio alitazama sakafu. Kutoka kwenye rafu za glavu hakukusikika kitu, mume na mke wale walikuwa wameacha kujaribu.

"Na Mfereji?" aliuliza mwishowe. "Aprili? Nilikuahidi."

Hapo ndipo sauti ya Delfina ilipokatika kidogo.

"Nilitaka kuupanda na wewe. Majira mawili nimekuwa nikifanya mazoezi nyuma ya nyumba kama mwizi, nikushtue. Nilitaka uone. Hilo linaniuma kuliko vidole, maana vidole vilikwisha kuuma."

Loredana alikuja na kugusa magamba. Yalikuwa yamepoa.

"Tayari, mama. Unaweza kusogea."

Alimfungulia bizimu. Remigio, kwa mazoea ya kazi, aliokota kiatu cha kushoto, akakigeuza na kusoma namba kwenye kisigino. Akaisoma tena.

"Hii si namba yetu."

"Ni yangu," alisema Delfina, akakichukua mkononi mwake na kukirudisha kwenye sanduku.

Alilipa mwenyewe. Mlangoni Loredana alimshika mkono, akamwuliza kwa sauti ndogo Alhamisi afanye nini, kwenye semina. Delfina akamwambia asicheke tu, basi.

Walitoka. Gari lilikuwa pale pale mbele ya baa. Delfina alikaa, sanduku mapajani. Alikuwa amebakiza nafasi moja ya kumpa mumewe, na nafasi yenyewe ikaja ikitembea kwa miguu yake mikubwa. Olmo aliinama kwenye dirisha, meno nje.

"Vipi shemeji, safari hii havibani?"

Delfina aligeuka akamtazama Remigio. Hakutaka mengi. Neno moja tu, havikuwa vidogo, angelisema hata kwa kunong'ona, hata kwa kuangalia usukani, angeanza kumsamehe pale pale. Alijijua. Remigio alishika usukani kwa mikono miwili, shingo yake ikawa nyekundu, akafungua mdomo.

Akacheka.

"Safari hii amepima vizuri," alisema.

Delfina aliona kitu ndani yake kikipoa na kukaa, kikashika umbo. Alifungua sanduku, akatoa kiatu cha kushoto, akampa Olmo dirishani.

"Shemeji, nisomee namba hapo kwenye kisigino. Miwani nimeiacha."

"Ishirini na tano na nusu."

"Ndiyo namba ya mguu wangu. Na ya huyu bwana unaijua?"

"Ya Remigio? Ishirini na sita na nusu. Nani asiyeijua?"

"Na zile jozi mbili kuukuu anazozitundika karibu na jiko letu, anazowaonyesha ninyi mkija kulewa. Huwa anasema nini akiwaonyesha?"

"Namba moja, kamba moja," alisema Olmo, bado akitabasamu. "Yake na ya kwako. Mlivaa namba moja, ile ya..."

Hakumaliza. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imefika mwisho wake katikati ya sentensi ya mtu mwingine. Olmo alikuwa mwongoza mlima, hakuhitaji kuelezwa kwamba kiatu kinachozidi mguu kwa namba nzima hakiwezi kuua vidole kwa kubana. Alikitazama kiatu kile mkononi mwake. Akamtazama Delfina. Akamtazama Remigio kwa muda mrefu, na Remigio akaangalia mbele, kwenye ukuta wa baa. Nyuma ya Olmo kijana mmoja aliyekuwa akingojea mzaha uendelee aliuliza kuna nini.

Olmo alimrudishia Delfina kiatu kwa mikono miwili.

"Nisamehe, shemeji."

"Hukujua. Olmo, Aprili una mteja?"

"Bado sina."

"Sasa unaye. Nitakulipa kama wengine wanavyolipa. Nataka Mfereji wa Kengele."

Remigio alifumba macho. Olmo alisita, akatazama tena upande wa usukani.

"Sawa, shemeji. Tutapanda."

Delfina alifunika sanduku, akaanza kupandisha kioo. Kilipofika nusu akakisimamisha.

"Na wewe mguu wako ni namba ngapi?"

"Mimi? Thelathini na moja."

"Vizuri," alisema Delfina, akamalizia kukipandisha.